Yunusu na Vidonge vya Rangi Mbili

Kabla ya watu kuhamishiwa kijijini, Bi Somoe alikaa katikati ya mikorosho yake, na jirani wa karibu kabisa ilibidi umwite mara tatu ndipo akusikie. Mtu akipiga chafya alijisemea mwenyewe alhamdulillahi, yakaisha. Lakini mwaka wa Operesheni nyumba zilipangwa mistari minane iliyonyooka kama matuta ya muhogo, mlango ukitazama mlango, katika kijiji kipya upande wa Rutamba. Tangu hapo siri zilikwisha. Ukikaanga kitunguu mstari wa kwanza, mstari wa tatu walijua ni kimoja au viwili. Ukigombana na mwenzio ndani, asubuhi watu walikusalimu kwa sauti ya pole.

Ni kwa sababu ya mistari ile vidonge vya Yunusu viligeuka kuwa habari ya kijiji kizima.

Yunusu alikuwa mjukuu wa Bi Somoe. Alimlea tangu ana miaka minne, mama yake alipofariki, na kama ilivyo desturi ya bibi na mjukuu, walitaniana kutwa. Yeye alimwita kijana "mume wangu," na kijana alimwita "mke wangu mkubwa." Alipofika miaka ishirini na mbili, Yunusu alikuwa mwalimu wa kisomo cha watu wazima, na bibi yake alikuwa mwanafunzi wake wa benchi la mbele kwa sababu ya macho yake mabaya. Siku Bi Somoe alipoandika jina lake lote bila kukosea, Yunusu hakumsifu mbele ya watu. Alipita tu karibu naye, akampangusa vumbi la chaki mkononi. Bi Somoe hakulisahau jambo lile.

Mungu alimpa Yunusu urefu, sauti nzuri na adabu. Kisha akampa chunusi. Zilianza kwenye paji la uso, zikateremka mashavuni, zikahamia kidevuni, na hazikuwa zile za kukaa siku mbili zikaaga. Zilikuwa na mizizi. Nyingine zilikomaa na kuiva kama matunda, na mwalimu aliposimama ubaoni, wanafunzi wake wenye ndevu za mvi walizitazama kwa huruma badala ya kutazama herufi.

"Mwalimu," aliuliza siku moja Klementi, fundi baiskeli wa mstari wa pili, "leo tunahesabu mpaka mia ubaoni au usoni?"

Darasa zima lilicheka. Klementi alikuwa Mmakonde, na Bi Somoe na mjukuu wake ni Wamwera, kwa hiyo walikuwa watani. Mtani hakasirikiwi. Akija msibani kwako atalala mahali pa jeneza na kudai chakula, nawe utampa.

"Hesabu kwanza meno yako," alimjibu Bi Somoe kutoka benchi la mbele. "Ukimaliza hayo manne ndipo uende mia."

Lakini jioni ile Bi Somoe alimwona kijana wake ameinamia ndoo ya maji, anajitazama humo, halafu akayachafua maji kwa mkono.

Akaanza kumtibu. Alimpaka liwa. Alimpaka utomvu wa papai bichi. Alimpaka tope jeusi la ziwani, akamwambia akae nalo mpaka likauke, na kijana akakaa nyuma ya nyumba kama chungu kinachosubiri kuchomwa. Mwisho akasikiliza ushauri wa watu, na ushauri wa watu ni kitu cha kuogopa. Walimwambia mafuta ya ganda la korosho huondoa sugu, basi chunusi ni nini? Bi Somoe akachoma maganda, akachovya kijiti, akagusa shavuni mara moja tu. Yunusu hakupiga kelele. Alisema, "Bibi, nadhani inatosha," kwa sauti ndogo sana. Shavu lilivimba siku tano na kubakiza doa jeusi lenye ukubwa wa punje ya hindi.

Bi Somoe aliyatupa mafuta yale chooni. Kila alipoliona lile doa alijisikia kama mwizi.

Mambo yangeweza kuendelea hivyo, kwani chunusi hazijawahi kumwua mtu, lakini Yunusu alikuwa anataka kuoa. Alimtaka Mwanaasha, binti wa Mzee Abdurahmani wa mstari wa sita. Mjomba wake, Abdala, mvuvi wa Sudi, alikwisha peleka barua ya posa, na barua haikurudishwa. Hiyo ni dalili njema. Kilichobaki ni kuitwa, kukaa mkekani, kutazamwa na kupewa jibu.

"Bibi, watanitazama usoni," alisema Yunusu. "Hawana pengine pa kutazama."

Basi gari la hospitali lilipokuja kijijini, kama lilivyokuja kila mwezi, Bi Somoe alimshika mjukuu wake mkono kama mtoto akampanga foleni. Daktari alimtazama, hakucheka, akaandika cheti. Bonaventura, mganga wa zahanati yao, ndiye aliyempa vidonge. Vilikuwa vya rangi mbili, nusu vyekundu, nusu njano, vimefungwa katika karatasi iliyochanwa kwenye daftari la zamani la mahudhurio ya shule.

Bonaventura alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayeongea kama anahofia kumwamsha mtu. Akaeleza kwa utulivu. Kidonge kimoja, mara nne kwa siku. Saa moja kabla ya kula, tumbo likiwa tupu. Kwa maji matupu. Maziwa asiyaguse, maana yanaifunga dawa tumboni isifanye kazi. Na ajihadhari na jua, kwa kuwa mtu mwenye dawa ile mwilini huungua upesi.

"Kwa siku ngapi?" aliuliza Bi Somoe.

"Miezi mitatu. Kila wiki atakuja kuchukua vingine. Hii dawa haina haraka, bibi. Na asimgawie mtu."

"Hata mimi, kwa ajili ya goti?"

"Hata goti."

Bi Somoe alilichomeka furushi lile la karatasi katikati ya makuti, juu ya mlango wa jikoni, mahali pakavu ambapo hata panya angefikiri mara mbili. Kila alfajiri alimwamsha kijana. "Mume wangu, kunywa uchungu wako." Na kijana alikunywa, kisha wakakaa saa nzima wakiutazama uji unapoa.

Shida ya kwanza ilikuja na palizi. Kila Jumatatu na Jumatano kijiji kizima kilipalilia shamba la pamoja, na msimamizi wa shamba hakuwa mwingine ila Mzee Abdurahmani, baba yake Mwanaasha. Alikuwa mtu wa haki, na aliamini kwamba jembe halina kiongozi wala mwalimu. Mwezi ule jua lilikuwa la kupasua mawe. Yunusu alipalilia saa moja, na shingo yake ikageuka rangi ya kamba aliyechemshwa. Jumatano yake akaja na mwavuli.

Kupalilia kwa mwavuli ni kazi. Alijaribu kuushika kwa mkono mmoja na jembe kwa mwingine, akakata mihogo miwili. Akajaribu kuufunga mgongoni kwa kamba, upepo ukamgeuza kama tiara. Mwishoni alijitanda kanga ya bibi yake kichwani mpaka machoni, akainama, akaendelea, na kwa kweli tuta lake lilikuwa safi kuliko mengi. Lakini hakuna aliyetazama tuta.

"Mwali wa nani huyu?" Klementi aliuliza kwa sauti ya mstari mzima. "Mbona ametolewa ndani kabla ya siku yake?"

Mzee Abdurahmani hakucheka. Alitazama ile kanga kwa muda, maandishi na yote, akaondoka.

Shida ya pili ilikuja Jumamosi, walipoitwa mkekani. Walikwenda watatu, Yunusu, mjomba Abdala aliyekuja kutoka Sudi, na Bi Somoe. Mama Mwanaasha alikuwa amewaandalia chai ya maziwa. Hapo inafaa mtu aelewe. Upande ule hakuna ng'ombe, na maziwa ya kopo mwaka ule yalikuwa yameadimika hata Lindi mjini. Mama Mwanaasha alikuwa amelipata kopo moja katika duka la Jafferali kwa kusubiri tangu asubuhi, akalirudisha kijijini kwenye kapu amelikumbatia kama kifaranga. Sasa chai ikaletwa, nyeupe, nzito, yenye iliki, na kikombe cha kwanza akapewa Yunusu.

Yunusu alikitazama. Alikuwa amemeza kidonge nusu saa iliyopita. Jasho likamtoka kati ya chunusi na chunusi.

"Samahani, mama," alisema. "Mimi maziwa sinywi."

Abdala, ambaye hakuwa ameambiwa lolote juu ya vidonge, alimgeukia mpwa wake kama mtu aliyesikia samaki akisema. Mama Mwanaasha alirudisha mkono wake na kikombe chake polepole.

"Hunywi maziwa," alisema, "au hunywi yetu?"

Hapo Yunusu angeweza kueleza. Lakini kijana wa posa, mbele ya baba mkwe, aseme kwamba anameza dawa kwa ajili ya chunusi? Bi Somoe naye alifungua kinywa, akakifunga, kwa sababu alikuwa amemwapia Yunusu kwamba habari ya vidonge haitatoka kinywani mwake.

Ndipo pazia la mlango wa ndani likasogea kidogo. Mkono wenye bangili moja ulitokea, umeshika kikombe kingine, ukakiweka mkekani na kurudi ndani. Kilikuwa cha chai ya rangi, tayari ina sukari. Hakuna aliyekiagiza. Yunusu akakichukua kwa mikono miwili, kama mtu aliyetumbukia kisimani akatupiwa kamba, akanywa.

Wengine waliona utovu wa adabu tu, wa kijana kukataa na wa binti kujiingiza. Bi Somoe aliona wema. Akauweka moyoni, akajiuliza njia nzima ya kurudi, huyu mtoto amejuaje?

Shida ya tatu ndiyo iliyovunja mtungi. Jumanne jioni, Yunusu alisimama nyuma ya nyumba na kata ya maji, akitupa kidonge kinywani. Ng'ambo ya uzio Klementi alikuwa amepindua baiskeli, anaziba pancha. Akainua kichwa.

"Eh, mwalimu. Hicho si kile cha rangi mbili? Ndicho alichomeza shemeji yangu aliporudi kutoka mjini na pesa zake za korosho. Alienda na pesa akarudi na kisonono." Akacheka mpaka akauachia mpira. "Pole, mtani. Lindi imekuingiaje na wewe huendi Lindi?"

Alikuwa anatania. Yeye mwenyewe hakuamini hata neno moja, na dakika ile ile akarudi kwenye pancha yake. Lakini utani una wenyewe, na upepo hauna kabila. Mstari wa tatu walisikia kisonono. Mstari wa tano walisikia mwalimu ana kisonono. Ulipofika mstari wa saba, Yunusu alikuwa na wake wawili wa siri na mmoja wao yuko Mtwara.

Jumatano baada ya palizi Mzee Abdurahmani alifika mwenyewe kwa Bi Somoe. Alivua kofia, akaamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, "Marahaba, baba, karibu." Hakukaa.

"Nimekuja mimi kwa sababu nakuheshimu, sikutaka usikie njiani. Ijumaa baada ya sala nitamrudishia Abdala barua yake."

"Kwa kosa gani, baba?"

"Jembe analikwepa. Chai yangu kaikataa. La tatu siwezi kulitaja mbele yako."

"Ni dawa ya chunusi," alisema Bi Somoe, kiapo akakiweka kando. "Vile vidonge ni vya uso. Jua limekatazwa kwa ajili yake, na maziwa yamekatazwa kwa ajili yake."

Mzee Abdurahmani alimtazama kwa huruma ya kweli. "Mama, mimi nina miaka hamsini na mbili. Sijaona mtu akitibu uso kwa kumeza. Uso hupakwa. Nami nimekwenda kumwuliza Bonaventura, nimtendee haki kijana. Unajua alisemaje? Alisema hawezi kusema."

Bi Somoe akachukua fimbo yake, akaenda mpaka zahanati.

"Bonaventura, mwanangu, sema neno moja tu. Sema si kisonono."

Bonaventura alifunga mlango. Akazungumza chini zaidi ya kawaida yake. "Bibi, nikisema ya Yunusu si hiyo, kesho wataniuliza ya fulani. Nikinyamaza kwa fulani, watajua ndiyo hiyo. Nikifungua droo moja, nimefungua kabati zima. Siri ya mgonjwa nimeiapia."

"Unamwokoa kwa kumzika?"

Mganga akainama, na Bi Somoe akaona kuwa masikio yake yamekuwa mekundu. Hakuwa mtu mbaya. Alimsindikiza mpaka njiani, akamshika mkono pale penye mtaro, jambo ambalo hakuna mwingine aliyelifanya siku ile.

Nyumbani alimkuta Yunusu ameshusha furushi la karatasi kutoka makutini. Ameliweka mapajani.

"Navitupa, Bibi. Afadhali nibaki na chunusi na jina langu. Darasani leo wamekuja watu wanne. Mwanamke mmoja wa mstari wa nane amemhamisha binti yake benchi la nyuma."

Bi Somoe alikaa chini karibu naye, goti likilia. Alitaka kumtania, akakosa utani. Akalitazama lile doa shavuni, la ukubwa wa punje ya hindi, akasema, "Mimi nilikuchoma ukanyamaza. Sasa ninyamazie tena siku moja. Usitupe."

Alhamisi asubuhi alivaa kanga yake ya Idi akaenda mstari wa sita, peke yake.

Walimkaribisha uani, kwani mgeni mzee hafukuzwi hata siku ya ubaya. Mama Mwanaasha alimtandikia mkeka kwenye kivuli cha jiko. Mzee Abdurahmani alikuwa ananoa jembe, hakuliacha. Mwanaasha aliamkia kwa kupiga goti, ushungi ameuvuta mpaka karibu na pua, akaingia jikoni.

Bi Somoe alisema yake. Alisimulia liwa, papai na tope. Alisimulia mafuta ya ganda la korosho na jinsi kijana alivyosema nadhani inatosha. Mama Mwanaasha akazuia kicheko kwa upindo wa kanga, lakini Mzee Abdurahmani aliendelea kunoa.

"Mama, maneno yako matamu," alisema. "Lakini kijana wangu wa kike nimemlea kwa dini. Huyu mtoto hufunga sunna. Hujaona? Asubuhi chai inapikwa, haigusi, anakaa anaitazama tu. Nimewaambia hata wenzangu msikitini. Nitamtoaje mtoto kama huyu kwa mtu wa vidonge?"

Asubuhi chai haigusi. Bi Somoe alisikia kitu kikigonga mahali fulani ndani ya kichwa chake. Akainua macho, kwa kuwa wazee wakifikiri hutazama juu. Na pale juu, katika makuti ya jiko, juu ya mlango, mahali pakavu ambapo panya angefikiri mara mbili, palichomekwa furushi dogo la karatasi. Lilikuwa na mistari ya buluu na majina ya wanafunzi wa zamani. Mwaka uliotangulia Bi Somoe alikuwa hajui kusoma. Sasa, kwa kukaza macho, aliweza kusoma kimoyomoyo, *amefika, amefika, hakufika.*

Ilikuwa karatasi ya daftari lile lile.

Mambo yote yakamjia kwa pamoja. Kikombe cha chai ya rangi ambacho hakikuagizwa. Ushungi uliovutwa mpaka puani. Siku za palizi, Mwanaasha ndiye aliyejitolea kila mara kuwapikia wapaliliaji uji, kivulini, na watu wakamsifu kwa moyo wake. Masikio mekundu ya Bonaventura.

Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lingemaliza kila kitu. Angenyoosha kidole tu juu, aseme, basi na hivyo ni vya nani?

Alitazama jikoni. Kati ya moshi aliliona jicho moja la msichana, linamtazama yeye, halafu karatasi, halafu yeye tena. Jicho lilikuwa limejaa maji.

Bi Somoe alilimeza lile neno. Lilikuwa kubwa kuliko kidonge, na hapakuwa na maji.

"Una lolote la kuongeza, mama?" aliuliza Mzee Abdurahmani. "Nipe sababu moja tu, nitaipokea."

"Sina, baba," alisema. "Nimekuja kukaa kivulini tu." Akatafuta fimbo yake, akaanza ile safari ndefu ya kusimama.

Alikuwa hajafika nusu Mwanaasha alipotoka jikoni. Alinyoosha mkono makutini, akashusha karatasi, akaifungua mkekani mbele ya miguu ya baba yake. Vidonge sita vya rangi mbili viliviringika, kimoja kikaenda mpaka kwenye jiwe la kunolea. Kisha akashusha ushungi. Chunusi zilikuwepo, kidevuni na kwenye taya, mkoa mzima.

"Baba," alisema, "na mimi nirudishwe?"

Jembe lilikaa hewani. Mzee Abdurahmani alitazama vidonge, akatazama uso wa binti yake kama mtu aliyeonyeshwa nyumba yake mwenyewe kwa mara ya kwanza.

"Hivyo vya nini?"

"Vya uso. Mwezi wa pili huu. Tumbo tupu, saa moja kabla ya chai. Bila maziwa. Bila jua."

"Hukuwa unafunga sunna?"

"Sikusema nafunga, baba. Wewe ndiye uliyesema."

Mama Mwanaasha alishindwa. Alikaa chini pale alipokuwa, kanga mdomoni, mabega yakimtikisika. "Na mimi kila asubuhi nampunguzia kazi," alisema alipopata pumzi. "Nasema mwacheni, mtoto ana saumu."

"Nimekwisha waambia msikiti mzima," alisema Mzee Abdurahmani polepole. "Imamu amemwombea dua."

"Dua haikupotea," alisema Bi Somoe. "Huenda ndiyo inayosaidia vidonge."

Mzee Abdurahmani aliokota kile kidonge kilichokimbilia kwenye jiwe, akakigeuzageuza, akakirudisha na wenzake kwa uangalifu. Alikuwa mtu wa haki, na mtu wa haki akikosea huwa na kazi kubwa zaidi ya wengine. Yale yale aliyoyaita saumu kwa binti yake, kwa mtoto wa mwenzake aliyaita kiburi na uvivu na lile jambo lisilotajika. Hakuyasema hayo, lakini yalimpita usoni moja baada ya jingine, na Bi Somoe, kwa adabu, akatazama kuku.

"Lile tuta lake," alisema hatimaye, "lilikuwa safi. Nililiona."

Mwanaasha aliokota vidonge vyake. Alipofika kwa Bi Somoe alimsaidia kusimama, na akiwa bado amemshika kiwiko, alimwambia sikioni, "Uliiona, Bibi. Ukanyamaza."

"Macho yangu mabaya," alisema Bi Somoe. "Nakaa benchi la mbele."

Ijumaa baada ya sala Mzee Abdurahmani alimpa Abdala jibu mbele ya watu, na lilikuwa ndiyo. Akaongeza, kwa sauti ya kufika mstari wa saba, kwamba mwalimu anatibiwa chunusi kwa amri ya daktari, na binti yake pia, na mwenye swali amwulize yeye. Hakuna aliyekuwa na swali. Jioni Klementi alifika kwa Bi Somoe na jogoo kwapani, faini ya mtani aliyevuka mpaka.

"Mtani, chukua," alisema. "Mtazame upanga wake hapo kichwani. Naye ana chunusi, nikaona awe nyumbani kwao." Halafu akamgeukia Yunusu, akashusha sauti, jambo ambalo watu hawakuwahi kumwona akilifanya. "Sikujua litaruka mpaka kule, mwalimu. Baiskeli yako nitaitengeneza mpaka uzeeke."

"Sina baiskeli, Klementi."

"Basi hiyo ndiyo bahati yangu."

Jumatatu iliyofuata, kwenye palizi, msimamizi alitangaza kwamba mwalimu na mpika uji watafanya kazi ya kivulini, kuchambua mbegu. Walikaa chini ya paa la makuti, hatua sita kati yao, na Mama Mwanaasha katikati. Nyuso hazikuwa zimepona. Bonaventura alisema ni miezi mitatu, na kwa Yunusu zilikuwa zimebaki wiki tisa. Ndoa ikapangwa baada ya wiki tisa hizo, ili bwana na bibi harusi waonane vizuri.

Siku walipoitwa tena mkekani kupanga mahari, vikombe vililetwa, vya chai ya rangi vikaenda viwili, kimoja mkekani na kingine nyuma ya pazia. Mama Mwanaasha alikaa na lile kopo lake la maziwa mapajani, bado limejaa zaidi ya nusu, akalitazama kwa huzuni.

"Na hili je?" aliuliza. "Nilisubiri tangu asubuhi kwa Jafferali."

Bi Somoe alisogeza kikombe chake mbele.

"Lete hapa, mwanangu," alisema. "Mimi sina chunusi."